Namna ya kuisoma na kuiigiza Othello bila kukwepa suala la rangi

Nilipofundishwa Othello, tamthilia ya Shakespeare, kidato cha tano, mwalimu aliandika ubaoni neno moja: WIVU. Tukalinakili, tukalijibia mtihani, tukafaulu. Hakuna aliyetuuliza kwa nini jenerali huyu anasemwa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa onyesho la kwanza, na jina lake halitamkwi hata mara moja. Ni "yeye", ni "Mmoro", ni "midomo minene", ni kondoo dume, ni farasi, ni shetani. Jina Othello tunalisikia kwa mara ya kwanza katika onyesho la tatu, na anayelitamka ni Mtawala wa Venisi. Usiku huo Mtawala ana vita mkononi na anamhitaji mtu wa kumpigania.

Jambo hilo ndilo lililonirudisha kwenye tamthilia hii nikiwa mtu mzima, na nimekuwa nikiisoma na vikundi vya vijana tangu wakati huo. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa fasihi, mwanafunzi, au kikundi cha maigizo kinachotaka kuipandisha jukwaani. Ninachokishikilia ni hiki: katika tamthilia hii rangi huanzia midomoni mwa watu wanaomzunguka Othello, kisha inahamia mdomoni mwake mwenyewe, na hapo ndipo anapoangamia. Wivu upo, tena mwingi. Lakini Iago, ofisa aliye chini yake na anayemchukia, asingepata pa kuupandikiza kama udongo usingekuwa umeshalimwa na wengine.

Neno la Shakespeare ni Moor. Nitaliandika Mmoro, wingi Wamoro, kwa sababu "Mwafrika" na "Mwarabu" yote mawili yanalibana mno. Sababu nitaieleza katika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Pata chapa yenye maelezo chini ya ukurasa

Tamthilia hii ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1622, miaka sita baada ya Shakespeare kufariki, kisha ikatoka tena mwaka 1623 ndani ya mkusanyiko mkubwa wa tamthilia zake. Chapa hizo mbili hazilingani. Kuna mistari iliyomo kwenye moja na haimo kwenye nyingine, na baadhi ya mistari hiyo inahusu rangi moja kwa moja. Kwa hiyo usitegemee muhtasari wa mtandaoni wala kijitabu cha maswali na majibu. Chukua chapa inayokuonyesha tofauti hizo. Hilo likitimia, endelea.

Hatua ya 2: Fungua daftari la majina

Chora safu tatu. Ya kwanza: nani anasema. Ya pili: anamwitaje Othello. Ya tatu: Othello yupo au hayupo. Soma tamthilia nzima ukiijaza. Ni kazi ya jioni tatu au nne, na hakuna kazi nyingine katika mwongozo huu itakayokulipa kama hii.

Anza na Tendo la 1, onyesho la 1, na ulisome kwa sauti. Kama mko kikundi, zimeni taa, wasomaji wawili wabaki na tochi. Ni usiku, Venisi imelala, na wanaume wawili wamesimama chini ya dirisha la mzee Brabantio, ambaye binti yake Desdemona ameolewa kwa siri na Othello, wakimwamsha kwa makelele. Iago anampigia kelele kwamba sasa hivi, dakika hii hii, kondoo dume mzee mweusi anampanda kondoo jike wako mweupe. Anamwambia aamke, la sivyo shetani atamfanya babu. Anamwambia binti yake amefunikwa na farasi wa Barbari, yaani wa Afrika Kaskazini, na kwamba wajukuu watamlilia kama farasi. Roderigo, aliyeikosa posa, anaongeza ya kwake: huyo ni mgeni mzururaji, hana kwao, leo yuko hapa kesho kule.

Angalia alichokifanya mwandishi. Ametutia masikioni picha ya mnyama kabla hatujamwona mtu. Halafu onyesho la pili linafunguka na Othello anaingia, mtulivu kuliko wote jukwaani. Watu wamechomoa panga, naye anawaambia wazirudishe alani, umande utazitia kutu. Anasema ametoka ukoo wa kifalme. Hapigi kelele, hajitetei kwa jazba. Mtazamaji aliyekuwa ameiamini sauti ya gizani analazimika kujiuliza kwa nini aliiamini haraka hivyo. Ukikata matusi ya onyesho la kwanza kwa kuona haya, kama wanavyofanya baadhi ya walimu, umemnyima mtazamaji swali hilo, na onyesho la pili linabaki la kawaida tu.

Ukifika kwenye baraza la usiku, onyesho la tatu, andika kwa makini. Brabantio anasema binti yake asingeweza kumpenda mtu ambaye aliogopa hata kumtazama, kwa hiyo lazima amerogwa. Lakini Othello anasema mzee huyo huyo alimpenda, alimwalika nyumbani mara kwa mara, akamtaka asimulie vita na safari zake. Yote mawili ni kweli. Brabantio alimpenda mgeni sebuleni. Alipoingia kwenye ukoo, mapenzi yakaisha. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Venisi ilimpa upanga, ikala naye, ikacheka naye, na usiku alipooa ikamkumbusha kwamba hakuwa wa pale.

Mtawala anajaribu kumtuliza mzee. Anamwambia mkwe wako ni mweupe zaidi kuliko mweusi, maana yake ana wema mwingi. Andika sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Inakusudiwa kuwa sifa, na ndani yake weupe ndio wema na weusi ndio ubaya. Hata rafiki yake hana lugha nyingine ya kumsifia.

Hatua ya 3: Jua Mmoro alikuwa nani London mwaka 1604

Onyesho la kwanza la tamthilia hii tunalolijua lilifanyika tarehe 1 Novemba 1604 katika jumba la kifalme la Whitehall, mbele ya Mfalme James. Watu waliokuwa wakienda kwenye majumba ya maonyesho enzi hizo walishawahi kumwona, au kusikia habari za, Mmoro wa heshima. Mwaka 1600 balozi wa Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikaa London miezi kadhaa na ujumbe wake, akizungumza na Malkia Elizabeth kuhusu muungano dhidi ya Uhispania. Picha yake iliyochorwa mwaka huo ipo hadi leo: kilemba, joho, upanga ubavuni, macho makali. Lakini miaka minne kabla, mwaka 1596, Malkia huyo huyo alikuwa ametoa barua za kutaka watu weusi waliokuwa Uingereza waondolewe nchini. Yaani mtu yule yule angeweza kuwa mgeni wa kasri na kuwa mzigo wa kufukuzwa, ikitegemea ana jeshi gani nyuma yake.

Neno Mmoro lilibeba yote hayo kwa pamoja. Liliweza kumaanisha Mwislamu, mtu wa Afrika Kaskazini, au mtu mweusi wa kutoka popote. Ndiyo maana mabishano ya karne nyingi kwamba Othello alikuwa "Mwarabu" au "Mwafrika hasa" hayana mwisho, na mengi yalianzishwa na watu waliotaka kumwokoa asiwe mweusi. Samuel Taylor Coleridge, mshairi mkubwa wa Kiingereza, aliona ni jambo la kutisha kudhani binti mzuri wa Venisi angempenda mtu mweusi halisi. Kabla yake, mwaka 1693, Thomas Rymer aliikejeli tamthilia nzima, akasema nchini kwao Mmoro angeweza kuwa mpiga tarumbeta, lakini siyo jenerali. Soma maoni ya namna hiyo kama ushahidi juu ya watu walioyasema. Tamthilia yenyewe inasema neno "mweusi" juu yake tena na tena, naye analisema pia.

Hadithi ya asili pia ikusaidie. Shakespeare aliichukua kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, aliyeichapa mwaka 1565. Kule Mmoro hana jina kabisa, na mkewe, kabla ya kuuawa, anasema wanawake wa Kiitaliano wajifunze kwake wasiolewe na mwanamume waliyetenganishwa naye na maumbile, na Mungu, na namna ya maisha. Shakespeare alilitupa funzo hilo. Akampa mtu huyo jina, ukoo, na maneno mazuri kuliko ya mtu mwingine yeyote katika tamthilia. Halafu akamweka Iago karibu naye. Iago ni jina la Kihispania la Yakobo, na mtakatifu Yakobo wa Wahispania alikuwa na lakabu ya Muuaji wa Wamoro.

Kama unataka kulinganisha, tafuta Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Humo kuna mwana wa mfalme wa Moroko anayekuja kuposa, na neno lake la kwanza ni kuomba asichukiwe kwa sababu ya rangi yake. Mtu anaingia chumbani na salamu yake ni kuombea ngozi msamaha. Othello hafanyi hivyo hata kidogo mwanzoni, na tofauti hiyo ni muhimu kwa hatua ya tano.

Hatua ya 4: Tafsiri vipande vyako kwa kutumia ngeli

Hapa Kiswahili kinatupa kitu ambacho Kiingereza hakina, na ningependa kila kikundi kikitumie.

Brabantio anamwambia Othello kwamba binti yake asingekimbilia kifua chenye masizi cha "kitu" kama wewe. Kwa Kiingereza neno moja, kitu, linabeba dharau yote. Kwa Kiswahili tunaweza kuieneza sentensi nzima. "Yule Mmoro mweusi amemwoa binti yangu" ni sentensi ya mtu anayezungumza juu ya mtu. "Lile jeusi limemwoa binti yangu" ni jambo lingine kabisa. Hakuna tusi lililoongezwa. Ni upatanisho tu umehama kutoka ngeli ya watu, na binadamu ametoka mlangoni.

Tulipolijaribu hili mazoezini, kijana aliyemsoma Brabantio alisita katikati ya sentensi. Alifika kwenye "lime-" na akanyamaza. Alisema kinywa chake kilikataa. Tukarudia mara nne hadi akaweza kulisema, na msichana aliyekuwa akimsoma Desdemona aligeuka akatazama ukutani. Sikuwa na haja ya kuwaeleza tena rangi inafanya nini katika tamthilia hii.

Kwa hiyo gawa. Iago na Roderigo wakiwa peke yao: "lile", "limefanya", "linajiona". Iago akiwa mbele ya Othello: "mheshimiwa", "bwana wangu", ngeli ya watu bila kosa hata moja. Mtazamaji atausikia unafiki wa Iago ndani ya viambishi kabla hajauelewa kichwani. Desdemona: ngeli ya watu daima. Naye humwita "Mmoro", tena mbele ya baraza zima, kwa fahari: nilimpenda Mmoro ili niishi naye. Neno lile lile, kinywa kingine.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usikimbilie neno "mshenzi". Kwetu pwani lina historia yake, ya bara na pwani, ya mtumwa na mwungwana, na Othello mwenyewe anasema aliwahi kutekwa na kuuzwa utumwani kabla ya kukombolewa. Ukilitumia, jua umeileta historia hiyo jukwaani na ujiandae kuijibu. "Mtu wa kuja" linamfaa Roderigo zaidi, kwa sababu ndiyo hasa anayoyasema.

Ya pili ni kile kitambaa ambacho Othello alimpa mkewe. Ukiandika "leso", watazamaji wa Mombasa wanaweza kuona kanga. Sema "kitambaa cha mkono", mambo yaishe.

Hatua ya 5: Soma Tendo la 3, onyesho la 3, mara tatu

Hili ndilo onyesho refu ambamo Othello anaingia akiwa mume mwenye furaha na kutoka akiwa ameapa kuua. Wengi huliona kama ushahidi kwamba alikuwa mwepesi wa kudanganywa. Lisome tena polepole, ukifuata jambo moja tu: ni wakati gani rangi inatajwa, na nani anaanza.

Mara ya kwanza, soma hadi mahali Othello anaposema mwenyewe, bila kuulizwa, "na hata hivyo, maumbile yakipotoka…" Hamalizi sentensi. Iago anaidaka hapo hapo: naam, hapo ndipo penyewe. Kisha anaendelea kwa ujasiri kwamba Desdemona alikataa wachumba wengi wa nchi yake, wa rangi yake, wa hadhi yake, na kwamba mtu anayekataa cha kwake ana kasoro. Mwambie msomaji wa Othello anyamaze kwa pumzi mbili baada ya "yakipotoka". Kimya hicho ni cha kutisha. Mawazo ya Brabantio, yale aliyoyatema barazani, yametoka sasa kinywani mwa Othello. Iago hakuyaleta. Ameyakuta, akayapokea.

Mara ya pili, soma maneno ambayo Othello anajiambia Iago akishaondoka. Anatafuta sababu za mkewe kumchoka, na ya kwanza inayomjia ni hii: labda kwa kuwa mimi ni mweusi. Ndipo anaongeza kwamba hana maneno laini ya watu wa sebuleni, na kwamba umri umeanza kumtupa. Linganisha na daftari lako. Kabla ya hapo wengine ndio waliomwita mweusi, na yeye hakujishughulisha. Mtu aliyesimama mbele ya Seneti bila kuomba radhi kwa lolote sasa anatafuta kosa lake, na analianzia usoni.

Mara ya tatu, tafuta mstari huu: jina lililokuwa safi kama uso wa Diana sasa limechafuka, jeusi kama uso wangu mwenyewe. (Diana ni mungu wa kike wa ubikira.) Hii ndiyo mistari niliyoitaja katika hatua ya kwanza. Haimo katika chapa ya 1622. Katika ya 1623 anasema "jina langu". Chapa ya baadaye ikaweka "jina lake", la mkewe. Mwongozaji lazima achague. Mimi huchagua "jina langu". Anapolia juu ya jina lake mwenyewe, uso wake umekuwa kipimo cha uchafu kwake yeye, na hakuna anayemsikiliza isipokuwa Iago. Kama mmetumia ngeli katika hatua ya nne, hapa ndipo pa kumruhusu Othello kwa mara ya kwanza ajitaje kwa "li-". Mara moja tu. Msirudie, itapoteza nguvu.

Hatua ya 6: Wasikilize wanawake wawili, kila mmoja kwa tatizo lake

Desdemona anasema aliuona uso wa Othello ndani ya akili ya Othello mwenyewe. Ni maneno mazuri, na vijana huyapenda. Waulize pia: mbona hakusema aliupenda uso wenyewe? Sina jibu moja la kuwapa. Nimesikia wasichana wakibishana juu ya mstari huo kwa saa nzima, na ubishi wao ulikuwa bora kuliko maelezo yangu.

Emilia, mke wa Iago na mtumishi wa Desdemona, ni mgumu zaidi. Ndiye shujaa wa onyesho la mwisho, anasema kweli na kuuawa kwa ajili yake. Na kweli hiyo anaisema kwa lugha ile ile ya dirishani: Desdemona ni malaika zaidi, nawe ni shetani mweusi zaidi. Anaiita ndoa yao biashara chafu. Ana haki ya hasira. Desdemona, bibi anayemtumikia, amezibwa pumzi kitandani. Lakini mwigizaji wake asipewe mistari hiyo kama nderemo za ushindi. Watazamaji wakipiga makofi pale, mwulize kila mmoja wenu amepigia makofi nini.

Hatua ya 7: Kabla ya kuchagua mwigizaji, jua waliotangulia

Othello wa kwanza alikuwa Richard Burbage, Mwingereza mweupe aliyepakwa rangi, na Desdemona wake alikuwa mvulana. Uingereza ilimpata mwanamke wa kulipwa jukwaani kwenye nafasi ya Desdemona mnamo Desemba 1660. Mwafrika au mtu wa asili ya Afrika alisubiri zaidi sana.

Ira Aldridge alizaliwa New York mwaka 1807, akahamia Uingereza akiwa kijana kwa sababu kwao hakukuwa na nafasi. Machi 1833 Edmund Kean, nyota wa London, alianguka jukwaani Covent Garden akimwigiza Othello, akafariki miezi miwili baadaye. Aprili, Aldridge aliingia kwenye nafasi ile ile katika jumba lile lile. Sehemu ya magazeti ilimshambulia kwa ukali, na maonyesho yake pale yaliishia mawili. Akaenda mikoani, kisha bara la Ulaya, ambako alipewa nishani na heshima, na alizikwa Łódź, Poland, mwaka 1867.

Paul Robeson aliigiza Othello London mwaka 1930 na Broadway kuanzia Oktoba 1943, maonyesho 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia Broadway. Kumbuka kwamba majimbo mengi ya Marekani wakati huo yaliharamisha ndoa ya mweusi na mweupe; Mahakama Kuu ilizifuta sheria hizo mwaka 1967. Kila jioni Robeson alipombusu mwigizaji mweupe, watu ukumbini walikuwa wakiangalia mapenzi ambayo katika majimbo hayo, yakifika kwenye ndoa, yangeweza kuleta kifungo. Na bado, mwaka 1964, Laurence Olivier alijipaka weusi mwili mzima London na kusifiwa.

Ninayempenda zaidi ni John Kani. Mwaka 1987 aliigiza Othello katika Market Theatre, Johannesburg, chini ya uongozi wa Janet Suzman, nchi ikiwa katika hali ya hatari. Sheria za kukataza ndoa na mapenzi kati ya rangi zilikuwa zimefutwa miaka miwili tu nyuma. Wapo watazamaji walioinuka na kuondoka.

Mwaka 2015 huko Stratford, Uingereza, Hugh Quarshie alikuwa Othello na Lucian Msamati alikuwa Iago. Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania, alikuwa mweusi wa kwanza kumwigiza Iago katika Royal Shakespeare Company. Chaguo hilo liliifumua tamthilia upya. Chuki ya Iago ilikuwa na majeraha yake: mtu mweusi anapandishwa cheo, na mtu mweusi mwingine aliyemtumikia anarukwa kwa ajili ya kijana mweupe, Cassio. Quarshie mwenyewe miaka ya nyuma alikuwa ameuliza hadharani kama mwigizaji mweusi anapaswa kabisa kuichukua nafasi ya Othello, kwa hofu kwamba anaweza kuithibitisha ile picha ya Mwafrika anayegeuka mnyama haraka. Mpe mwigizaji wako wa Othello swali hilo siku ya kwanza ya mazoezi. Asipolijibu mapema, litamjia usiku wa onyesho.

Hatua ya 8: Kama waigizaji wote ni weusi

Hili ndilo swali letu hasa, Dar, Nairobi au Kampala, na halimo katika vitabu vilivyoandikwa London. Jukwaani wote ni weusi, ukumbini karibu wote ni weusi. Rangi itaonekanaje?

Tulianza kwa kuwavalisha Wavenisi barakoa nyeupe. Ilishindikana. Barakoa zilimeza sauti, na kila Mvenisi akageuka kuwa mtu mmoja, wakati tamthilia inataka tutofautishe Mtawala, Brabantio na Cassio. Tukajaribu lafudhi: Othello azungumze kwa lafudhi ya kabila fulani. Watu walianza kucheka kabla hajamaliza mstari wa pili, na katika kikundi chenyewe kulikuwa na wawili wa kabila hilo. Tuliacha siku hiyo hiyo. Usilifanye.

Kilichofanya kazi ni kuacha nyuso kama zilivyo na kuyaamini maneno. Mwigizaji mweusi anamwita mwigizaji mweusi "jeusi lile", mbele ya watu weusi, na ukumbi unaingia baridi. Hakuna anayeweza kukaa pembeni na kusema hayo ni ya Wazungu. Kinachosaidia ni nafasi: Wavenisi wakae pamoja, wagusane, wapeane viti. Othello asipewe kiti mpaka Mtawala aseme jina lake. Wavishe wote nguo za aina moja, ila yake iwe mpya zaidi na ifungwe hadi shingoni, kama ya mtu anayejua anatazamwa.

Njia nyingine ni kubadili tofauti yenyewe. Filamu ya Kihindi Omkara ya mwaka 2006 iliihamishia hadithi kwenye tabaka la kuzaliwa, na ikasimama vizuri. Ukifuata njia hiyo, chagua tofauti inayouma kweli mahali ulipo na uwe tayari kukaa na watazamaji baada ya onyesho.

Hatua ya 9: Usiharakishe kifo chake

Katika maneno yake ya mwisho Othello anaomba wamseme kama alivyo, wasipunguze kitu. Kisha anasimulia: siku moja huko Aleppo, Mturuki mwenye kilemba alimpiga Mvenisi na kuitukana dola, nikamshika koo mbwa yule aliyetahiriwa, nikampiga, hivi. Kwa neno "hivi" anajichoma.

Yeye ndiye Mvenisi anayelipiza, na yeye ndiye mbwa. Anajiua kama askari mtiifu anayemwua mgeni. Ukiigiza Zanzibar au Lamu, nusu ya ukumbi ni watu waliotahiriwa na wenye vilemba, na Othello ni mtu aliyebatizwa. Usiufute mstari huo kwa hofu. Mwache mwigizaji auseme polepole, akiwatazama watu hao machoni, mkono mmoja ukiwa tayari kooni mwake mwenyewe. Mazoezini, kitambo kati ya "koo" na "hivi" kiwe kirefu kuliko mnavyoona inafaa.

Baada ya hapo Lodoviko, mjumbe aliyetumwa kutoka Venisi, anaamuru kitanda kifunikwe kwa sababu kinatia sumu machoni. Amueni kama mtakifunika. Sisi hatukukifunika.

Na fungueni daftari kwa mara ya mwisho, muandike mstari ambao wengi huuruka. Lodoviko anamgeukia Gratiano, ami yake Desdemona, na kumwambia ailinde nyumba na azitwae mali za Mmoro, maana zinamwangukia yeye. Dakika chache tu nyuma alikuwa amemwita Othello kwa jina lake. Mwigizaji wa Lodoviko aliseme neno "Mmoro" bila chuki yoyote, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu, huku maiti ingali mbele yake, na taa zisizimwe mpaka amalize.